Uliza Ujibiwe: Sahani 46 zilizobaki Ijumaa

Habari zenu wasomaji wangu. Mwezi huu barua za watu wanaoandaa shughuli zimekuwa nyingi mpaka nikaamua ukurasa mzima uwe wao. Kuna wa semina, kuna wa kongamano la kanisa, kuna mwanakamati wa harusi na kuna kina mama wa chama kutoka Pwani ya Kenya, na wote wanauliza jambo moja kila mtu kwa namna yake, yaani tukishakula tukaagana hizi taka tunazipeleka wapi na tungefanyaje zisiwepo. Mi kabla ya kukaa kwenye ukurasa huu nimeratibu semina miaka mingi, kwahiyo nawajibu kwa niliyoyaona mwenyewe. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu kijana ameuliza swali ambalo natamani ningeuliza mimi mapema.

Shikamoo mama. Niko kwenye shirika dogo hapa Dodoma, nimepewa kuandaa semina ya siku tatu, Jumatano mpaka Ijumaa, watu 120. Mwaka jana tuliacha ukumbi unatia aibu, chupa za maji nusu nusu kila meza, makabrasha chini ya viti, chakula kimebaki kingi. Bosi kasema safari hii taka zipungue. Nimeshaomba hela ya kununua ndoo za taka za rangi tatu. Zinatosha? Na kama hazitoshi nianzie wapi? — Mratibu mgeni, Dodoma

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuaminiwa. Ndoo nunua ila ziweke mwisho kwenye orodha yako, kwa sababu ndoo inapanga taka ambayo tayari ipo, haiipunguzi hata kidogo. Taka ya semina inazaliwa wiki mbili kabla, siku ile unapopiga simu hotelini ukamwambia meneja "tuko 120". Pale ndo wali umeshapimwa, kuku wameshahesabiwa, katoni za maji zimeshapakiwa, na ukija kuhangaika siku yenyewe na ndoo zako za rangi utakuwa umechelewa.

Ngoja nikuhadithie. Kuna mwaka niliendesha semina hapo hapo Dodoma, siku tatu kama yako, namba kama yako, nikaandika 120 kila mlo. Siku ya kwanza mambo yakaenda. Ijumaa mchana nikahesabu vichwa kwenye foleni ya chakula nikapata 74, nikarudia nikapata 74. Watu 46 hawapo na chakula chao kiko mezani kinatoa mvuke. Wengine walikuwa wameenda swala ya Ijumaa na wakitoka huko wakapitiliza makwao, wengine walishasaini posho saa nne asubuhi wakawahi mabasi ya Singida na Iringa, na wachache hawakufika kabisa toka Jumatano ila majina yao yalikuwa kwenye orodha na tukayalipia siku zote tatu. Nikaenda nyuma ya jiko. Nikamkuta mama mmoja mhudumu anamimina wali kwenye pipa, kuku juu ya wali, tikitimaji juu ya kuku, akaniangalia akasema "dada, Ijumaa ndo huwa hivi." Sijayasahau maneno yale. Yeye alikuwa anajua kila wiki, mi nilikuwa naandaa semina karibu kila mwezi, na hakuna siku niliwahi kwenda kumuuliza.

Kwahiyo anza kwa kuuliza. Semina yako ina milo tisa, chai ya saa nne, chakula cha mchana na chai ya jioni kwa siku tatu, na kila mlo uupe namba yake, usiandike 120 mara tisa. Fungua grupu la wasapu la washiriki siku kumi kabla, uliza mambo matatu tu: unafika lini na unaondoka lini, kuna chakula usichokula, na kuna siku utakuwa umefunga? Hilo la mwisho watu wanalisahau sana, kuna Waislamu wengi wanaofunga sunna Jumatatu na Alhamisi na semina yako ina Alhamisi ndani yake, alafu kama inaangukia Kwaresma kuna wasiogusa nyama siku ya Ijumaa. Asiyejibu mpigie simu. Ndio, simu 40 ni kazi, lakini sahani 46 nazo ni kazi, kuna mtu amelima mpunga huo na kuna mtu amechinja na kunyonyoa kuku hao.

Alafu kaa na meneja kabla hujasaini. Hoteli nyingi zinataka idadi ya uhakika, yaani namba utakayolipia hata watu wasipokuja, na hapo waratibu tunaogopa aibu ya chakula kupungua tunataja namba kubwa. Wewe fanya kinyume, mpe idadi ya uhakika ya chini, tuseme 95, na mkubaliane kwamba anaweza kupanda mpaka 115 ukimpa taarifa siku mbili kabla. Jiko la hoteli halipikii semina yako peke yake, lina wageni wa vyumbani na wa mgahawani, kuongeza sahani kumi haiwasumbui kama wewe unavyodhani. Omba iandikwe kwenye mkataba maana maneno ya mdomoni siku ya invoisi hayakumbukwi.

Na hiyo Ijumaa yako, mi ningeifunga saa sita kamili. Weka chai nzito saa nne, supu, chapati, mayai, matunda, alafu mlo wa mchana ufute kabisa. Wa swala wawahi swala, wa basi wawahi basi, na posho isainiwe mwisho wa kikao, sio asubuhi. Utakuwa umeondoa mlo mzima, na mlo uliofutwa ndo pekee usioacha hata ganda moja la ndizi.

Kuhusu bufee yenyewe. Hoteli zetu zina tabia ya kuweka wanga wa aina tano, wali mweupe, pilau, ndizi, viazi, ugali, na mtu akishika sahani kubwa anaonja kila kitu kwa sababu kipo, anajaza mlima, anakula nusu. Kata ziwe mbili, tatu kama kuna wazee wa ugali. Sahani ziwe za saizi ya kati, mboga na matunda ziwe mwanzo wa meza, nyama mwisho na awepo mhudumu anayepakua, atakayetaka kuongeza arudi, na hilo la kurudi mtangaze wazi kabisa ili asiwepo anayeona kanyimwa. Mwambie mpishi asijaze tena masufuria ya bufee nusu saa ya mwisho, wenye kuchelewa watapata kilichopo au watapakuliwa kutoka jikoni. Chakula ambacho hakijatoka jikoni bado ni chakula, wafanyakazi wa hoteli wanaweza kukila jioni, ila kikishakaa mezani kimepitiwa na vijiko vya watu mia kinaishia kwenye pipa.

Na sio Dodoma tu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake hapo Gigiri Nairobi, lilitoa ripoti mwaka 2024 ikionesha kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na asilimia 28 ya hicho kilitupwa na hoteli, migahawa, kantini na wapishi wa shughuli kama hizi zetu. Kingine kikubwa zaidi, asilimia 60, kinatupwa majumbani, ila hiyo ni barua ya siku nyingine. Na chakula kikifika dampo hakiozi kama kinavyooza shambani, kinafunikwa na taka nyingine, kinakosa hewa, kinatoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 inapasha dunia joto karibu mara 80 kuliko hewa ya ukaa.

Sasa makabrasha. Hapa ntakuwa mkali kidogo. Kabrasha la kurasa 80 mara watu 120 ni kurasa 9,600, alafu siku ya mwisho unayakuta chini ya viti kama ulivyoyakuta mwaka jana. Tuma pidiefu kwenye lile grupu la wasapu, ila uzibane ziwe nyepesi, mtu asimalize bando lake kufungua slaidi zenye mapicha makubwa. Chapisha nakala chache, moja kila meza, na nyingine kamili kwa wazee na kwa yeyote aliyesema kwenye simu anataka karatasi, asiyeona vizuri kwenye simu ana haki ya karatasi yake. Mabegi ya semina acha. Kila mshiriki wa semina nchi hii ana mabegi manne nyumbani ya semina zilizopita, ukimwambia aje na moja atakuja nalo. Beji ziwe za karatasi ngumu, vile vifuko vya plastiki na kamba zake viweke boksi mlangoni siku ya mwisho watu wavirudishe, mi nilikuwa nazo kamba 200 nikazitumia miaka.

Bango usiliandike tarehe. Andika jina la semina na shirika, basi, mwaka kesho unalitundika tena. Haya mabango ya plastiki ya kuprinti ni PVC, hayaozi, na ukiyachoma yanatoa moshi wenye sumu mbaya sana, kwahiyo hata likichakaa usiruhusu mtu aliwashe moto nyuma ya ukumbi, mpe fundi anayefyatua tofali afunikie tofali zake au mama wa genge apate kivuli.

Maji ntayasema kwenye barua inayofuata. Na ndoo zako sasa ndo zije: ndoo isisimame peke yake hata siku moja, ziwe mbili mbili, ya mabaki ya chakula na ya chupa na karatasi safi, maana mtu mwenye ganda la ndizi mkononi akikuta ndoo moja anatupia hiyo hiyo. Bandika picha juu yake sio maandishi, na kwa chakula cha mchana msimamishe kijana mmoja aelekeze watu. Waokota chupa wanauza kwa kilo, chupa iliyochanganyika na mchuzi inawapotezea bei, ukiwapa safi umewasaidia kweli.

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa vijana, tuna kongamano la siku tatu hapa Mbeya kwenye shule ya bweni wakati wa likizo, tunatarajia vijana 600. Kamati imegawanyika, wengine wanataka sahani na vikombe vya plastiki vya kutupa kwa sababu ni rahisi, wengine wanasema zipo sahani zilizoandikwa kwamba zinaoza tununue hizo. Na maji ya chupa ni gharama kubwa mno. Tushauri. — Katibu, Mbeya

Amina katibu. Kamati yako imegawanyika kati ya mambo mawili na mi nawaletea la tatu, kila kijana aje na sahani yake, kikombe chake na kijiko chake. Mko kwenye shule ya bweni, hao vijana wengi wamesoma bweni, wanajua kabisa maisha ya sahani na kijiko kwenye begi. Iandikeni kwenye fomu ya kujiandikisha mstari mmoja na shuka, biblia na dawa ya meno, na wekeni sahani za akiba kama 50 za kukodi kwa watakaosahau, maana watasahau. Jina liandikwe chini ya sahani kwa rangi ya kucha, haitoki kwa kuosha.

Kazi kubwa ni kuosha na hapo ndo watu wanakata tamaa, kwahiyo mpange vizuri. Kila kituo kiwe na ndoo ya kukwangulia mabaki kwanza, kisha beseni la maji ya moto na sabuni, kisha la kusuuza, kisha la maji yenye klorini kidogo au maji ya moto sana, alafu kichanja cha kukausha kwa hewa. Vitambaa vya kufutia visiwepo kabisa, kitambaa kimoja kikipita kwenye sahani mia ni njia rahisi ya kuharisha kambi nzima. Kwa uzoefu wangu kituo kimoja kinatosha watu 50 bila foleni ya kukera, nyie mtahitaji kama 12, na kila mtu anaosha chake. Ile ndoo ya kukwangulia ina faida yake nyingine pia, kijana akiona mwenyewe kile alichokiacha, mlo wa jioni anapakua kwa akili. Nimeliona hilo makambini zaidi ya mara moja.

Zile sahani na vikombe vilivyoandikwa vinaoza, kuweni makini sana. Baadhi zimetengenezwa kwa plastiki ya wanga wa mahindi, na hiyo ili ioze inahitaji joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki kadhaa kwenye mitambo maalumu ya mboji. Dampo la mji wenu halina joto hilo, wala shimo la shule. Itakaa pale kama plastiki nyingine na nyie mtakuwa mmelipa zaidi. Kama ni vitafunwa vya saa nne, mihogo, magimbi, ndizi za kuchoma, Mbeya mna migomba, kateni majani, yaosheni, yapitisheni kwenye moto kidogo yalainike, wekeni juu yake. Jani la mgomba linaoza shambani hata bila kuambiwa na mtu.

Maji tupige hesabu. Vijana 600, kila mmoja chupa tatu za nusu lita kwa siku, siku tatu, ni chupa 5,400. Maji hayo hayo ni lita 2,700, ambayo ni madumu makubwa 135 ya lita 20, yale ya kurudisha dukani. Na mkiweza kuchemsha wenyewe au kuyatibu kwa dawa ya maji kwenye tanki safi lenye koki, mtapunguza hata hayo. Muhimu koki zisiwe mbili kwa watu 600, ziwe nyingi, kila jengo na yake, maana kijana mwenye kiu akiona foleni ataenda duka la nje kununua chupa na juhudi zenu zote zinaishia hapo.

Nawaambia hili la chupa kwa uchungu kwa sababu tumesubiri sana wakubwa. Tarehe 2 Machi 2022, Nairobi, nchi za dunia zilikubaliana kuanza kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, nikafurahi mno siku ile. Wakaja kukaa Busan mwishoni mwa 2024, wakaachana bila makubaliano, wakakaa tena Geneva Agosti 2025, wakaachana tena bila makubaliano. Nyie hamhitaji saini ya mtu kununua madumu.

Mabaki ya jikoni, maganda ya viazi, ndizi, majani ya kabichi, ongeeni na shule mapema, wengi wana shamba. Chimbeni shimo la mboji au rundikeni tabaka kwa tabaka, bichi kidogo, kavu kidogo, majani makavu au maranda, msiache vyakula vya mafuta juu panya wakaja. Mkipata mfugaji wa kuku anayefuga funza wa inzi weusi atayachukua kwa furaha, wale funza wanakula karibu kila mabaki na kuku wanawapenda. Ila kwa wafugaji wa nguruwe chungeni, mabaki yenye nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri yanaweza kueneza homa ya nguruwe ya Afrika, na ugonjwa ule hauna tiba, mfugaji anaamka banda zima limekwisha. Kama mtampa, yachemshwe kwanza mpaka yatokote, na ya kitimoto yasiwemo kabisa.

Dada habari za kazi. Mimi ni mwanakamati wa harusi ya mdogo wangu hapa Dar, ukumbini, kadi 300. Mama anataka chakula kitakachobaki kipelekwe kituo cha watoto yatima, mi nakubaliana naye ila kuna mtu kaniambia ni hatari. Nifanye nini? Na watu wetu mnajua, wanakuja na mifuko yao. — Dada wa bwana harusi, Tabata

Nzuri mdogo wangu, na mama yako ana moyo mzuri sana, mwambie hivyo. Aliyekuambia ni hatari naye hajakosea. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kikiwekwa moto kiwe juu ya nyuzi 60 muda wote. Sasa hesabu harusi zetu za ukumbini. Pilau limepikwa alasiri, limefika ukumbini saa moja usiku, bwana harusi kaingia saa tatu, keki, shampeni, zawadi, chakula kinatangazwa saa tano, mnamaliza saa saba usiku. Pilau hilo mkalipeleke kwa watoto asubuhi? Wali uliokaa unaota vijidudu vinavyotoa sumu ambayo hata ukiupasha moto tena haiondoki. Watoto wale hawana mama wa kukaa nao usiku wakitapika. Msifanye.

Mfanye hivi, sadaka itoke kabla. Wasilianeni na kituo mapema waulize wanakula saa ngapi na nini, alafu mpishi atakapoepua sufuria la kwanza mchana, sufuria la watoto litoke pale pale na moto wake, liende, na bibi harusi na bwana harusi waombewe dua wakati watoto wanakula. Hapo watoto wamepata kama wageni, hawajapata mabaki, na mama yako ataona tofauti kwenye nyuso zao. Hilo sufuria mlihesabu kwenye bajeti toka mwanzo.

Upande wa ukumbi, kadi 300 sio watu 300, wewe unajua kuna singo na dabo, na kadi ya dabo mara nyingi anakuja mmoja. Mwekeni mtu mmoja, shangazi mmoja mkali ndo anafaa, apige simu wiki ya mwisho kwa kila mwenye kadi. Mpishi apike kwa mikupuo miwili, wa pili aanze tu pale mlangoni mkishahesabu waliofika, nyama iwe imeshakatwa na viungo vimeshasagwa, mchele ungali mkavu. Mchele mkavu ukibaki unarudi stoo, ukishalowa huna cha kufanya.

Na hao wenye mifuko, mi nadhani tusiwaonee aibu, kubeba chakula cha shughuli ni desturi yetu na ni nzuri, chakula kinaliwa. Tatizo ni kile cha kubebea. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania bara toka tarehe 1 Juni 2019 lakini kwenye harusi bado utaona nailoni zinachomoka kwenye pochi, na vile vyombo vyeupe vya foamu vya chipsi ndo kabisa, vinaishia mtaroni na mvua ya masika ikija mnajua mtaro wa Dar unavyojaa. Andikeni kwenye grupu la kamati na la ndugu, kila anayepanga kubeba aje na hotipoti au kontena lake lenye mfuniko, na apakuliwe na mpishi kutoka kwenye sufuria lililo motoni, akifika nyumbani aweke friji, kesho apashe mpaka kitokote. Ukilisema wazi hivyo watu wanaacha kujificha, na kilichobaki kinagawanywa kwa haki hata kwa vijana wa kupanga viti ambao mara nyingi wanasahaulika na ndio wanaoondoka mwisho.

Maua nayo, kama mtaweka ya asili yasitiwe kwenye ile sponji ya kijani ya mapambo, ni plastiki ile inasagika inaingia kwenye maji. Mchanga kwenye chungu au chupa zenye maji vinashika maua vizuri tu.

Assalaam aleikum dadangu. Sisi ni chama cha kina mama hapa Likoni, mwezi ujao twataka kwenda kutembea Shimba Hills na tule huko huko, tuko 25. Tumeambiwa getini hawaruhusu chupa za plastiki. Ni kweli? Na twabeba vipi chakula? — Mweka hazina wa chama, Likoni

Waaleikum salaam dadangu. Ni kweli. Kenya iliondoa mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na toka tarehe 5 Juni 2020 plastiki zote za kutumia mara moja, chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko, mirija, haziruhusiwi kwenye mbuga, hifadhi, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Shimba Hills ni hifadhi ya taifa kwahiyo imo. Msije mkabishana na askari wa geti siku ya furaha yenu.

Maji wekeni kwenye jagi kubwa la kupozea lenye koki, kila mama na kikombe chake cha bati au chupa yake ya chuma. Chai kwenye chupa za kutunza joto. Pilau na kuku kwenye sufuria lililofungwa kanga mbili tatu, litafika na joto lake. Mtandike mkeka na mle kwenye sinia, watu watano sinia moja, masinia matano yawatosha nyote 25 na hakuna sahani hata moja ya kuosha njiani. Mahamri na viazi vya kuviringisha vikae kwenye kikapu cha ukili kilichotandikwa kitambaa, sio gazeti, wino wa gazeti huingia kwenye mafuta. Maganda ya ndizi na machungwa msiwatupie nyani, wakizoea chakula cha watu wanakuwa wakali kwa wageni wanaokuja baada yenu, yarudisheni kwenye kikapu hicho hicho hadi Likoni, mwenye mbuzi kwenye chama atayachukua.